Shule yetu ilianza lini: 1971, 1974 au 1976?

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya sherehe ya miaka 50 ya shule ya msingi ya kijiji chetu, upande wa Sengerema. Bango la getini linasema 1976. Wazee wengi wanasema 1974. Mzee mmoja anaapa kwamba yeye alisomea pale mwaka 1971, na rejista iliyopo ofisini inaanza 1975. Tumekaribia kugombana. Tutaupataje mwaka wa kweli? Halafu, mbona shule nyingi za huku ni za rika moja? Na mjumbe mwingine anadai kuwa miaka hiyohiyo Mwanza ilikuwa tayari na chuo kikuu pale Nyegezi. Ni kweli?

JIBU: Ndugu Katibu, kabla hamjarushiana maneno, fahamuni kwamba inawezekana kabisa wote hao wanasema kweli. Shule ya kijijini ya wakati ule ilikuwa na siku kadhaa za kuzaliwa. Kuna siku watoto walipokaa chini ya mti na mwalimu mmoja. Kuna siku jengo la kwanza lilipoezekwa. Kuna siku shule ilipopewa namba serikalini, na kuna siku ilipopata madarasa ya juu, la tano hadi la saba. Siku hizi mambo hayo hukaribiana sana. Kati ya 1967 na 1977 yaliweza kuachana miaka mitano au sita, na kila mzee anakumbuka lile lililomgusa yeye.

Nianze na suala la rika moja, kwa sababu ndilo linalofungua mengine. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata ikatoka sera ya Elimu ya Kujitegemea. Wakati huo shule nyingi za vijijini kando ya Ziwa zilikuwa za misheni (Wakatoliki, AIC, Wasabato), au za halmashauri za wilaya, au za chama cha wazazi, TAPA. Nyingi ziliishia darasa la nne. Mtoto aliyetaka kuendelea alifanya mtihani, na akifaulu alikwenda shule ya kati, mara nyingi mbali na kwao. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka mikononi mwa serikali shule zilizokuwa zikipokea ruzuku. Tarehe 1 Julai 1972 ukaja utaratibu wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zikavunjwa, na shule zake zikahamia chini ya mkurugenzi wa maendeleo wa wilaya. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ikafutwa, na mtihani wa mchujo wa darasa la nne ukaondolewa miaka hiyohiyo.

Mwaka huo wa 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza pia kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Mkoani Mwanza kishindo cha operesheni hiyo ya kuhamishia watu vijijini kilikuwa 1974. Kaya zilizokuwa zimetawanyika kwenye vilima na kando ya mbuga zilisogezwa pamoja, na ghafla mahali pasipo na darasa hata moja pakawa na watoto mia mbili. Novemba 1974, hapo jirani Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe Novemba 1977, wakati lengo la awali lilikuwa 1989. Miaka 12 ilikatwa. Nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa msingi wapatao milioni 1.2 mwaka 1974. Kufikia 1980 walizidi milioni 3. Watoto hao wote walipaswa kukaa mahali fulani, na mahali penyewe ndipo hapo shuleni kwenu. Ndiyo maana ukizunguka kutoka Busisi hadi Buchosa utakuta shule nyingi ambazo umri wake haupishani hata miaka mitatu.

Sasa mzee wenu wa 1971. Msimdharau. Muulizeni jambo moja tu: alisoma saa ngapi? Akisema jioni, baada ya shamba, basi alikuwa mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima. Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioanza 1968 kwa msaada wa UNESCO na UNDP, ukihudumia mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo tangu 1979 tunaiita Kagera. Vitabu vyake vya kujifunzia kusoma vilizungumzia pamba, migomba, uvuvi na ufugaji, yaani mtu alijifunza herufi kwa maneno ya kazi yake mwenyewe. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisha wilaya sita zikachaguliwa kufuta ujinga wa kusoma kufikia mwisho wa 1971, na Ukerewe ilikuwa mojawapo. Madarasa hayo yaliendeshwa popote penye kivuli: kanisani, kwenye banda la chama cha msingi cha pamba, uani kwa balozi wa nyumba kumi. Banda la kisomo likishazoeleka, shule ya watoto ilipokuja iliwekwa hapohapo. Kwa mzee, hapo ni shuleni tangu 1971, na hajakosea. Lakini kwa historia ya shule ya msingi, hicho ni kitangulizi, kiandikwe hivyo.

Kama atasema alisoma asubuhi akiwa mtoto, habari inabadilika. Hapo chunguzeni kama palikuwa na shule ya dini ya kufundishia katekisimu na kusoma kidogo, au darasa la TAPA. Shule za namna hiyo mara nyingi hazikuwa na usajili wa serikali, kwa hiyo msitarajie kuziona kwenye faili la wilaya. Zitafuteni parokiani au kanisani.

Tuje kwenye rejista, ambayo kamati nyingi huiamini kupita kiasi. Rejista ya kuandikishia wanafunzi ina namba ya mtoto, jina, mwaka wa kuzaliwa, tarehe ya kuingia, darasa aliloingia na tarehe ya kuondoka. Kabla ya kuamini kwamba mwaka wa kwanza ndio mwaka wa shule, ikagueni hivi. Tazameni mwandiko na wino wa kurasa kumi za mwanzo. Kama watoto wa 1975, 1976 na 1977 wameandikwa kwa mkono mmoja na kalamu moja, hiyo ni nakala: ya kwanza ililiwa na mchwa au ililowa, mwalimu mkuu akainakili upya, na mara nyingi alianza na watoto waliokuwapo siku hiyo tu. Waliokwisha kuondoka hawamo. Pili, angalieni namba. Shule mpya huanza na namba 1; ikianza na 87 au 140, kuna kitabu kingine kilichotangulia. Tatu, na hili ndilo la maana zaidi, someni safu ya darasa la kuingilia. Kama wote wa mwanzo wameingia darasa la kwanza, shule ilianza upya kabisa. Kama kuna walioingia la tatu na la nne, walitoka shule nyingine, na yaelekea sana walihama na wazazi wao wakati wa operesheni. Safu ya maelezo huwa imetaja shule waliyotoka. Shule hiyo ya zamani, iliyobaki kwenye mahame, huenda ndiyo mama wa shule yenu, na huenda ndiyo hiyo wazee wanayoitaja kwa jina lilelile.

Kuna hesabu rahisi ya kuhakikisha. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 1975 alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1981. Tafuteni watahiniwa wa kwanza wa shule yenu, au cheti cha zamani kabisa cha kumaliza elimu ya msingi kilichopo kijijini chenye jina la shule. Kikiwa cha 1981, mwanzo wa 1975 unasimama vizuri. Kikiwa cha 1978, kuna watoto walioletwa wakiwa tayari darasa la nne hivi, au rejista imeruka miaka. Kikiwa cha 1983, yaelekea watahiniwa wa kwanza ni watoto wa wimbi la 1977. Jihadharini na jambo moja: shule ndogo isiyo na madarasa ya juu iliwapeleka watoto wake kumalizia shule jirani, na cheti kikaandikwa jina la huko. Waulizeni waliomaliza, siyo vyeti peke yake.

Vitabu vingine vya ofisini vina msaada ambao watu hawautumii. Kitabu cha wageni huwa na saini ya mkaguzi wa kwanza na tarehe yake. Kitabu cha kumbukumbu za shule, kile ambacho walimu wa zamani wanakiita logi buku, huandika siku mwalimu alipowasili, siku upepo ulipong'oa paa, siku mabati yalipoletwa. Kitabu cha mali huonyesha madawati na mabati yalipokelewa lini na mangapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na shule nyingi zimepoteza hayo yote kwa kuyaweka sakafuni kwenye stoo ya majembe.

Upande wa majengo ndipo wazee wa 1974 na bango la 1976 wanapopatana, na hapa inafaa mjue ujenzi wa kujitegemea ulikwendaje. Chukueni darasa la mita 7 kwa 9. Mzunguko wa kuta ni mita 32. Kwa kimo cha mita 2.7 mnapata mita za mraba 86 na ushei. Toeni kama 16 za mlango na madirisha, zinabaki 70. Tofali la kijijini lenye urefu wa sentimita 22 na kimo cha 7, pamoja na udongo wa kuungia, linaingia mara 50 hivi katika mita moja ya mraba. Ukuta mwembamba wa tofali moja ubavuni unataka matofali 3,500. Ukuta mnene wa kubeba paa bila nguzo unataka 7,000. Ongezeni asilimia 10 ya yatakayovunjika, mnafika karibu 7,700. Hilo ni darasa moja, na hapo hujataja nyumba ya mwalimu wala choo.

Matofali hufyatuliwa kiangazi, Juni hadi Agosti, kabla ya mvua za vuli. Miezi hiyohiyo ndiyo ya kuchuma, kuchambua na kuuza pamba. Basi mikono ilikuwa michache, na aliyekuwa na pamba shambani hakuiacha inyeshewe ili aende kufyatua tofali. Kuni za tanuru nazo zilikuwa tabu katika nchi ya Wasukuma, ambako miti ilikatwa miaka mingi kwa mashamba, mifugo na vita dhidi ya mbung'o. Kwa hiyo vijiji vingi vilijenga kwa matofali mabichi. Tofali bichi ni imara likiwa kavu, lakini likipata maji miguuni linayeyuka. Kuta zilizoanguka zilianguka kwa sababu tatu zinazojirudia: msingi wa udongo badala ya mawe (ajabu, ukizingatia mawe yalivyojaa Mwanza), paa fupi lisilofunika ukuta dhidi ya mvua ya upepo wa ziwa, na kuta kuachwa bila paa msimu mzima kwa kungoja mabati. Hilo la tatu ndilo lililoua madarasa mengi zaidi. Wananchi walisimamisha kuta, serikali ikaahidi mabati, mabati yakachelewa, vuli ikafika.

Hivyo, kijiji kilichoanza kufundisha chini ya mti mwaka 1974, kikafyatua matofali 1975, kikaezeka 1976, hakikuzembea, ndivyo ilivyokuwa. Tafuteni tarehe kwenye saruji. Mafundi walipenda kuchora mwaka kwenye kizingiti au kona ya sakafu saruji ikiwa mbichi, na chokaa ya baadaye huificha. Kwaruzeni taratibu kizingiti cha darasa kongwe. Bango lenu la 1976 laweza kuwa limenakiliwa kutoka hapo.

Usajili ni suala la faili. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250 ndipo kiandikishwe, na kijiji kikishaandikishwa kilikuwa na serikali yake ya kuandika barua za kuomba mwalimu na vifaa. Usishangae basi kuona barua nyingi za shule zina tarehe za 1975 na 1976. Kuhusu cheti cha usajili chenye namba inayoanza na herufi EM, someni tarehe ya kutolewa na sheria iliyotajwa juu yake. Cheti kilichotolewa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978 hakiwezi kuwa ushahidi wa mwaka wa kuanza; kinathibitisha tu kwamba siku hiyo shule ilikuwapo.

Kosa kubwa la watafutaji wa upande wenu ni kutafuta faili Sengerema peke yake. Wilaya ya Sengerema ilikatwa kutoka Geita mwaka 1975, na Geita yenyewe ilikuwa ndani ya mkoa wa Mwanza hadi 2012. Karatasi za kabla ya 1975 ziliandikwa kwa jina la wilaya ya Geita. Anzeni ofisi ya elimu ya halmashauri yenu, nendeni Geita, kisha Mwanza, ambako Idara ya Nyaraka za Taifa ina kituo cha kanda. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, kwa hiyo kisingizio cha kusubiri kivuko hakipo tena. Mkiandika barua ya kuomba kuona faili, tajeni jina la kijiji la sasa na la zamani, tarafa na kata za wakati ule, na mipaka ya miaka, mfano 1968 hadi 1978. Mtunza nyaraka akipewa "historia ya shule yetu" tupu hana pa kuanzia. Faili za shule za halmashauri ya zamani zinaweza kuwa zimewekwa pamoja na barabara, visima na maghala, kwa sababu baada ya Julai 1972 yote yaliitwa maendeleo.

Mahojiano na wazee yafanyeni nyumbani kwa kila mmoja, kabla ya kuwakutanisha. Mkiwaweka kwenye benchi moja, mwenye sauti kubwa atawaamulia wengine. Usimuulize mtu mwaka. Muulize kilichokuwa kikitokea. Karume alikuwa ameshauawa (Aprili 1972)? Mlikuwa mmeshahamia kijijini? Ilikuwa kabla ya CCM kuzaliwa (Februari 1977)? Vita vya Kagera vilikuta una darasa gani? Kwa wazee zaidi, kuna alama ya ziwa kujaa, 1961 hadi 1964, maji yalipopanda zaidi ya mita mbili na kumeza mashamba ya ufukweni. Anayesema shule ilikuwapo "kabla ziwa halijajaa" anazungumzia shule nyingine. Cheti cha ubatizo kinasaidia pia, kwa kuwa umri ulioandikwa kwenye rejista za UPE, yaani ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ulikadiriwa tu: mwaka 1977 darasa la kwanza lilipokea watoto wa miaka 7 hadi 13 kwa pamoja.

Mkikuta kwenye orodha ya walimu wa mwanzo kijana aliyemaliza la saba mwaka mmoja uliotangulia, msidhani ni kosa la kunakili. Kuanzia 1976 wahitimu wa darasa la saba wapatao 45,000 waliingizwa kwenye mafunzo ya ualimu wakiwa vijijini: walifundisha sehemu ya siku, wakasoma kwa posta, redio na vituo vya kata, wakamalizia kwa majuma machache chuoni. Karibu 38,000 walifaulu. Shule za Ziwa zisingefunguka bila wao, ingawa ubora wa masomo ulidhoofika, na hilo liandikwe bila aibu.

La Nyegezi ni fupi. Mjumbe wenu amechanganya. Pale palikuwa na chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa 1960 chini ya Askofu Joseph Blomjous. Kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Katika miaka ya mwanzo ya 70 Tanzania ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, cha Dar es Salaam, kilichosimama peke yake tarehe 1 Julai 1970 baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kugawanyika kuwa Makerere, Nairobi na Dar. Kilichofanyika ni kuongeza vitivo: kilimo Morogoro 1969, uhandisi Dar 1973. Pembeni vikaanzishwa vyuo vya kazi maalumu, kama IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha) na IDM Mzumbe (Chuo cha Uongozi wa Maendeleo), vyote 1972. Serikali ilipanga nafasi za juu kwa idadi ya wataalamu iliowahitaji, na fedha iliyobaki ikaelekezwa darasa la kwanza. Azimio lilelile la Musoma likabana mlango zaidi: aliyemaliza kidato cha sita alipaswa kupita Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi angalau miaka miwili na kupata mapendekezo ya kazini na ya tawi la TANU, ndipo aombe chuo kikuu. Jengo kubwa lililoipa Mwanza sura mpya miaka hiyo ni hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa 1971. Chuo kikuu chake cha udaktari kilikuja 2003.

Kuhusu bango: ushauri wangu ni kuandika mistari mitatu badala ya mwaka mmoja. Kisomo cha watu wazima, 1971, ikiwa mzee wenu atathibitishwa na angalau mwenzake mmoja. Masomo ya watoto yalianza, 1974 au 1975, kadiri safu ya darasa la kuingilia itakavyoonyesha. Jengo la kwanza kuezekwa, 1976, kama kizingiti kitakubali. Sherehe ya miaka 50 mnaweza kuifanya kwa mwaka wa jengo bila kumvunjia mtu heshima. Na kabla ya siku hiyo, pigeni picha kila ukurasa wa rejista mchana, nje kivulini, bila mwako wa kamera, kisha kitabu kirudi kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali mawili.